Mikate ya Nyumba Tupu

Nyumba ya sita kwenye ghorofa ya saba ilikuwa na zulia dogo mlangoni, ndala za kiume zilizopangwa vizuri, na redio iliyosikika kutoka ndani ikisoma matangazo ya vifo. Nkwimba alibisha mara tatu, akarudi nyuma hatua moja, akainua kitambulisho chake usawa wa jicho la mlango.

"Karibu," ilisema sauti ya dada. "Mzee Nyamhanga amejipumzisha. Una ujumbe nimfikishie, au utarudi?"

Ilikuwa mara ya nne kwa Nkwimba kufika mlango ule na kupewa jibu lile. Kila nyumba ya Mjini Kati ilikuwa na dada wake, mtambo uliojengewa ukutani. Dada aliwasha taa, akafungua maji, akafagia, akaagiza chakula na kukiandaa mezani. Watu walimwita dada kwa sababu alifanya kazi zilezile ambazo bibi zao waliwaachia wasichana wa kazi, na kwa sababu alikuwa na adabu.

Kutoka chumbani kikasikika kikohozi cha mtu mzima, kikavu, cha kukwaruza. Nkwimba alitaka kumwandika mzee na kwenda zake. Miguu ilikuwa inamuuma, na alibakiza ghorofa nane. Lakini akasimama. Kikohozi kikarudi. Akaitazama saa yake. Sekunde arobaini. Kikarudi tena, kwa mkwaruzo uleule, na sekunde arobaini nyingine zikapita.

"Dada," alisema, "mara ya mwisho ulimfungulia mzee mlango atoke ilikuwa lini?"

"Sijaruhusiwa kujibu swali hilo."

"Mimi ni afisa wa Ofisi ya Idadi ya Mitaa. Nifungulie."

Mlango ulifunguka. Sebule ilikuwa safi, pazia limefunguliwa nusu, na mezani palikuwa na kikombe cha chai ya tangawizi kinachotoa mvuke, kando yake mkate uliokatwa vipande sita. Kitanda chumbani kilikuwa kimetandikwa shuka zilizonyooka kama karatasi. Hapakuwa na harufu ya mtu. Nkwimba alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Mzee yuko wapi?"

"Mzee alitolewa hapa tarehe kumi na tisa Machi mwaka juzi," dada alisema kwa upole. "Mtoto wake aliniambia niendelee kama kawaida."

Kisha mkono wa chuma ukatoka ukutani taratibu, ukachukua kile kikombe na kumwaga chai kwenye sinki.

*

Mambo yalianzia kwenye maji taka. Magesa, fundi wa mitambo ya kusafishia maji kule chini ya majabali, alipima maji ya Mjini Kati kwa miezi mitatu mfululizo akaona hayalingani na watu wanaotajwa. Maji yalikuwa mengi, ila uchafu wa binadamu ndani yake ulikuwa kidogo. Mfumo wa jiji, uliohesabu wakazi kwa taa, maji na chakula kilichoagizwa, ulisema Mjini Kati ina wakazi elfu nne mia moja na kumi na wawili. Magesa alisema hawafiki elfu tatu. Ofisi ikamtuma Nkwimba akahesabu kwa miguu, mlango kwa mlango, jambo ambalo Mwanza haikuwa imelifanya kwa miaka thelathini.

Haikuwa idadi ya kujifurahisha. Jiji zima lilikuwa na mashina sitini tu ya ugavi, yale mabomba mapana yaliyopita chini ya ardhi kutoka bandarini, kila moja na chumba chake cha baridi, yakileta unga, nyama, dawa na maziwa mpaka mlangoni mwa duka. Duka lisilo na shina halikuweza kuwa duka. Shina jipya halikuwezekana, madini ya kulitengenezea yalikuwa yamekwisha, lakini shina lililopo liliweza kung'olewa na kuhamishwa. Mjini Kati ilikuwa na mashina arobaini na moja. Sheria ilisema yatabaki pale maadamu wakazi hawajashuka chini ya elfu nne. Wakishuka, yanafuata watu waliko.

Sheria nyingine ilisema nyumba isiyoishi mtu kwa siku tisini inarudi mikononi mwa jiji. Ndiyo maana watoto wa marehemu, na waliohamia miji mingine, walimwambia dada aendelee kama kawaida. Hakuna aliyedhani anafanya jambo kubwa. Kila mmoja alikuwa anatunza nyumba ya mama yake.

Siku ya kumi na tisa Nkwimba alimaliza mlango wa mwisho. Alikuwa amewaona kwa macho yake watu elfu mbili mia nane sabini na mmoja.

*

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa Ma Koku.

Kokubanza Rwezaura alikuwa na duka la mikate kwenye kona ya mtaa kwa miaka thelathini na mmoja, na Mjini Kati nzima ilimwita Ma Koku, hata wale wasio Wahaya. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mikono myeupe kwa unga mpaka viwikoni, na msimu wa panzi wa senene ulipofika aliwakaanga akawaweka kwenye bakuli pale kaunta, kila anayeingia achote.

"Shikamoo, Ma Koku."

"Marahaba, mwanangu. Miguu imekufa? Kaa. Nasikia umebisha hodi jiji zima."

Nkwimba hakukaa. "Unaoka mikate mingapi kwa siku?"

"Mia saba thelathini na mitatu."

"Inayoliwa ni mingapi?"

Ma Koku aliacha kukanda. Alijifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Mwokaji anajua," alisema mwishowe. "Mtu anayekula hubadilika, mwanangu. Leo anataka wa maziwa, kesho analalamika umeungua, Jumamosi anaagiza miwili kwa sababu ana mgeni. Asiyekuwepo anaagiza mmoja, uleule, saa moja na dakika kumi, kila siku ya Mungu. Nimewajua mmoja mmoja walivyoondoka. Nyamhanga nilimzika mimi. Kesho yake saa moja na dakika kumi akaagiza mkate."

"Na ukampelekea."

"Nikampelekea. Ningefanyaje? Niseme kwa nani?" Sauti yake ilipanda. "Nikisema, mashina yanang'olewa. Duka la dawa linaondoka, bucha linaondoka, mimi mwenyewe naondoka. Na hawa waliobaki? Mzee Dhirani yuko ghorofa ya kumi na moja, hajashuka tangu lifti yao ife. Sindano yake inatoka kwenye chumba cha baridi cha lile duka la dawa pale. Utampandishia wewe?"

Ma Koku aliinama akafungua kijidirisha cha tanuri. Moto ulikuwa wa bluu, umetulia.

"Unajua gesi hii inatoka wapi? Mkate wa Nyamhanga unakaa mezani mpaka jioni, dada anautupa kwenye bomba la taka, unashuka kwenye shimo chini ya mtaa, unaoza, unatoa gesi. Hiyo ndiyo inayokuja hapa. Naoka mkate kwa mkate. Miaka minne sasa." Akakifunga kijidirisha. "Usidhani nafurahi. Ila akifika mlangoni pangu mtu mwenye njaa na unga ninao, nitampa. Na ukiniuliza nichague kati ya uongo na Dhirani, mimi nilishachagua."

"Kuna watu wengine, Ma Koku. Hawako huku."

"Hao siwajui," Ma Koku alisema. Halafu akatazama chini, kana kwamba maneno yamemtoka kabla ya kuyapima.

*

Nkwimba aliishi Nyang'holo, kilomita kumi na nne nje ya mji, pamoja na watu elfu arobaini na mashina mawili. Alipofika nyumbani mchana ule, jirani yake Minza alikuwa uani anaanika michembe, vipande vya viazi vitamu, kwenye turubai. Binti yake Kwandu, wa miaka mitano, alikuwa anafukuza kuku. Nkwimba alimwita. Mtoto hakugeuka. Alimwita tena kwa sauti, na Kwandu akaugeuza uso wote mzima, sikio la kulia likitangulia, kama anavyofanya kila anaposemeshwa na mtu.

Mwaka uliopita Kwandu aliugua homa ya uti wa mgongo. Muuguzi wa Nyang'holo aliijua dalili, lakini dawa ilikuwa kwenye chumba cha baridi Mjini Kati. Walikwenda wakarudi kwa saa tano, maana siku ile treni ya mjini ilikuwa imejaa. Mtoto alipona. Sikio la kushoto halikupona.

"Umemaliza kazi yako?" Minza aliuliza.

"Nimemaliza."

"Hivi, dada Nkwimba, huko mjini kuna watu wangapi hasa, hata maduka yote yakae kwao?"

Aliuliza bila uchungu, huku akigeuza kiazi kwa kiazi. Nkwimba alikuwa na namba mfukoni, na kanuni za kazi zilimkataza kuitaja kabla ya kikao. Alichuchumaa akaanza kumsaidia kugeuza michembe. Walimaliza turubai zima bila yeye kusema neno, na Minza, ambaye hakuwa mjinga, hakuuliza tena.

*

Mkurugenzi wa ofisi, Bwana Lutufyo, alisoma taarifa mpaka mwisho, kisha akairudia.

"Mfumo unasema elfu nne mia moja na kumi na wawili," alisema. "Mfumo ndio unaotambuliwa kisheria. Ukisaini hapo, hakuna atakayekulaumu."

"Milango inasema elfu mbili mia nane sabini na mmoja, mkurugenzi."

"Nkwimba. Unajua nyumba ya marehemu mama yangu iko jengo gani?"

"Najua. Niliingia Jumatano iliyopita." Alisita. "Dada alikuwa anakunja khanga zake."

Lutufyo aligeukia dirishani. Alikuwa mtu mrefu, mkali kazini, na Nkwimba hakuwa amewahi kuyaona mabega yake yakishuka namna ile.

"Anazifua kila Jumatano," alisema bila kugeuka. "Zimeshaanza kuchakaa kwa kufuliwa. Nimejaribu mara mbili kumwambia aache. Nafika mlangoni, ananiambia mama amejipumzisha, narudi." Akamgeukia. "Watakuchukia. Hata mimi nitakuchukia kwa siku chache. Sitakutetea, lakini sitakuzuia. Nenda kasome namba yako."

*

Kikao kilifanyika Alhamisi saa tisa mchana katika ukumbi wa jiji. Watu wa Mjini Kati walijaza viti vya mbele. Wa Nyang'holo na vitongoji vingine walisimama nyuma, kwa sababu treni iliwafikisha wakati viti vimekwisha.

Nkwimba alikuwa ameandaa maelezo marefu. Alipofika kwenye kipaza sauti aliona hayana kazi.

"Nimepita kila mlango," alisema. "Walio hai na wanaoishi Mjini Kati ni watu elfu mbili mia nane sabini na mmoja."

Ukumbi ulilipuka. Mtu mmoja alipiga kelele kwamba amehongwa. Mwanamke wa mstari wa pili alilia kwa sauti, "Unatuzika tukiwa hai!" Mwenyekiti wa baraza aligonga meza. Mjumbe mmoja akasimama kusema kwamba hesabu ya miguu haiwezi kushindana na mfumo, watu hutoka, hulala, hukataa kufungua. Akataka namba ya mfumo ipitishwe. Wengine wakaanza kupiga makofi. Nkwimba aliona jinsi jambo litakavyokwenda. Litapitishwa, na yeye atarudi Nyang'holo na karatasi yake.

Ndipo Ma Koku aliposimama. Alikuja na aproni yake, unga ukiwa bado kwenye nywele.

"Mniwie radhi," alisema. Hakuhitaji kipaza sauti. "Namba ya huyu binti ni ya kweli. Mimi ndiye ninayewauzia mikate hao wasiokuwepo. Ni nyumba mia sita na tatu. Mkitaka niwatajie, naweza kuwatajia kwa majina, nimewalilia karibu wote."

Makofi yalikatika.

"Nilimwambia huyu binti kwamba watu wa huko nje siwajui. Ni kweli, sikuwajua. Juzi nilipanda treni nikaenda. Nimeona mama anamgeuza mtoto upande wa sikio moja linalosikia ndipo amwambie kitu." Aliwageukia waliokaa viti vya mbele. "Sisi wa Mjini Kati si watu wabaya. Tulikuwa tunaogopa kubaki peke yetu, na tayari tulikuwa peke yetu. Soma, mwanangu. Isome tena waandike."

Nkwimba aliisoma tena. Safari hii ikaandikwa.

*

Baraza liliamua hivi: madada wa nyumba tupu wazimwe, nyumba zifunguliwe kwa yeyote atakayekuja kuishi, na baada ya siku tisini watu wahesabiwe upya na afisa mwingine. Wakifika elfu nne, mashina yote yatabaki.

Siku ya kuzima, Lutufyo aliomba afunge nyumba ya mama yake mwenyewe. Alikaa humo kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa sita, akatoka na furushi la khanga kifuani, akampita Nkwimba kwenye ngazi. Alipofika chini alisimama. "Chukua hizi," alisema, akamwekea khanga mbili mkononi, akaendelea.

Mtaa ulibadilika kwa siku moja. Madirisha mengi ambayo hayakuwahi kuwa giza yalikuwa giza, na watu walijua kwa mara ya kwanza wanaishi na nani. Shimo la gesi lilipungua nguvu. Ma Koku alioka mikate mia moja na thelathini, moto ukiwa dhaifu, akakaa kwenye kiti nje ya duka mikono ikiwa mapajani.

Kisha wakaanza kuja. Walikuja walimu, wauguzi, mafundi viatu, wakiwa na magodoro, masufuria na watoto. Familia tatu zilitoka Nyang'holo. Ghorofa ya saba palisikika tena mtoto anayelia usiku na jirani anayelalamika. Kila Jumatatu Ma Koku aliongeza mikate kumi, akawa anasalimiana na Nkwimba kwa mkono badala ya kwa kichwa. Wote wawili walianza kuamini.

Siku ya tisini walikuwa elfu tatu mia nne na sita.

Nkwimba aliomba waongezewe mwezi mmoja. Aliandika barua nne. Baraza lilijibu kwamba Nyang'holo imesubiri miaka kumi na moja, na hakuwa na la kubishia, kwa sababu hoja hiyo ilikuwa yake. Mashina ishirini na tisa yaling'olewa. Kumi na mawili yakabaki, la duka la dawa likiwa miongoni mwa yaliyoondoka. Lile la Ma Koku liliondoka pia.

Mzee Dhirani alikataa kushuka. Alisema amezaliwa katika jengo lile na hatabebwa kwenye kiti kama kabati. Kwa hiyo kila Jumanne na Ijumaa Nkwimba alichukua sindano zake Nyang'holo, akapanda treni, akapanda ngazi ghorofa kumi na moja. Mara tatu za kwanza mzee alipokea bila kuitikia salamu yake. Mara ya nne alisema, "Marahaba," akafunga mlango. Nkwimba alikaa kwenye ngazi akavuta pumzi kwa muda mrefu kabla ya kushuka.

*

Tanuri la Ma Koku liliwekwa Nyang'holo wiki ya pili ya Novemba, kwenye banda jipya la matofali karibu na uwanja wa shule. Ma Koku aliwasili na mafundi, akalalamikia upepo, vumbi na mafundi wenyewe. Hakutaka kukaa kwa Minza aliyempa chumba, akakaa. Hakutaka msaada wa kukanda; akaupokea.

"Watu wa huku wanaamka saa ngapi?" alimuuliza Nkwimba asubuhi ya kwanza.

"Mapema."

"Nimeoka mia mbili. Sitaki kutupa. Nimetupa vya kutosha."

Walifungua saa kumi na mbili na nusu. Foleni ilikuwa imeshazunguka uwanja wa shule. Mwanzo Ma Koku aliwatazama usoni kila mmoja, akawauliza majina, akasahau chenji. Wengi hawakusubiri kufika nyumbani. Fundi mmoja wa baiskeli aliumega mkate palepale mlangoni, akampa mwenzake nusu, wakala wamesimama, makombo yakiwadondokea kifuani. Wasichana watatu wenye sare walikula wakitembea. Mama mmoja alimtafunia kipande mtoto wake aliyekuwa mgongoni.

Ma Koku aliacha kuuza. Alisimama na mkate mkononi akiwaangalia, na Nkwimba akadhani ameugua.

"Ma Koku? Vipi?"

"Wanakula," alisema.

Saa moja na nusu makabati yalikuwa matupu. Foleni ilikuwa bado ndefu. Ma Koku aligeuka, akayatazama makabati, akamtazama Nkwimba, na Nkwimba akaelewa kwamba katika miaka yote ile Ma Koku hajawahi kumwambia mtu kwamba mkate hakuna.

"Niwaambieje?"

"Waambie ukweli tu. Kwamba umekwisha."

Ma Koku alitoka nje. Nkwimba alimwona kupitia mlangoni akiinua mikono yake yenye unga mbele ya watu wale wote asiowajua, aibu na furaha vikigombana usoni.

"Jamani, mnisamehe," alisema. "Umekwisha. Nipeni saa mbili."

Hakuna aliyeondoka. Walikaa chini, mmoja mmoja, kwenye majani ya uwanja, wakaanza kuzungumza. Ma Koku alirudi ndani mbiombio, akafungua gunia jipya la unga.

"Usisimame hapo, mwanangu," alisema. "Lete maji."